Lango la Ufipa: jinsi sotoka ilivyotufundisha kupima nguvu ya serumu

Ukipanda basi Tunduma kwenda Sumbawanga, barabara inakupeleka juu ya uwanda wa Ufipa kwa zaidi ya kilomita 200. Unapita Laela, unapita mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na ukichungulia dirishani hukosi kuona ng'ombe. Kushoto kwako, mbali kidogo, ni mpaka wa Zambia na kisha Ziwa Tanganyika. Kulia ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga yenyewe iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni inakukumbusha hivyo hata kama hukuuliza.

Sasa chukua ramani. Kati ya ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa kuna kipande cha nchi kavu. Mnyama anayetoka kaskazini mwa Afrika Mashariki kwenda Zambia, Malawi na zaidi kusini, hiyo ndiyo njia yake kubwa. Ugonjwa wa mifugo nao haujui kuogelea. Unapita hapo hapo. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka hamsini madaktari wa mifugo waliiangalia Ufipa na jirani zake kama mlango wa nyumba: ukiufunga vizuri, walio ndani wanalala.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa sotoka. Na ili kuufunga mlango, ilibidi watu wajibu swali linaloonekana dogo: huyu ng'ombe ana kinga kiasi gani? Makala hii ni historia ya namna swali hilo lilivyojibiwa, na kwa nini jibu lilibadilika kila kipimo kilipobadilika.

Ugonjwa uliopita kama moto

Sotoka husababishwa na kirusi ambaye ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua ya binadamu. Ng'ombe anapata homa kali, vidonda mdomoni, machozi na makamasi, kisha anaharisha hadi anakauka. Kwenye kundi ambalo halijawahi kuuona ugonjwa, wengi hufa ndani ya wiki mbili hivi.

Sotoka iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kushuka kusini kwa kasi. Kufikia 1892 ilikuwa imefika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mwezi Machi 1896 ikatokea Bulawayo, ng'ambo ya Zambezi, na kutoka hapo ikasambaa Afrika Kusini yote. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba sehemu nyingi zilipoteza ng'ombe 8 au 9 katika kila 10. Nyati nao walikufa. Jamii zilizotegemea maziwa, nyama na ng'ombe wa mahari zilibaki na njaa, wakati uleule Wajerumani na Waingereza wanazidi kujichimbia.

Lakini wapo ng'ombe waliougua wakapona, na hao hawakuugua tena. Damu yao ilikuwa na kitu. Hicho kitu leo tunakiita kingamwili.

Serumu ni nini, na "nguvu" ni nini?

Ukiiacha damu kwenye chupa ikagande, juu yake hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Hayo maji ndiyo serumu. Ndani yake mna kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili zimshike adui fulani maalumu. Serumu ya mnyama aliyepona sotoka, au aliyechanjwa, ina kingamwili za sotoka. Ya mnyama asiyewahi kuiona haina.

Mwezi Desemba 1890, huko Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō walionyesha kwamba serumu ya mnyama mwenye kinga ya pepopunda ukimdunga mnyama mwingine inamlinda. Ghafla serumu ikawa dawa. Na kitu kikishakuwa dawa, mtu anauliza: nidunge kiasi gani? Chupa ya leo ina nguvu sawa na ya jana?

Mwaka 1897 Paul Ehrlich alijibu kwa upande wa dondakoo. Alichukua serumu moja, akaikausha, akaihifadhi bila hewa, akasema: hii ndiyo rula yetu. Serumu nyingine zote zilipimwa kwa kulinganishwa na hiyo. Wazo ni rahisi lakini lina uzito, kwa sababu nguvu ya serumu haina kilo wala lita. Huwezi kuiweka kwenye mizani. Unaweza tu kuuliza inafanya nini, na inafanya hivyo mara ngapi zaidi ya nyingine.

Shikilia neno hilo, "inafanya nini". Kila kipimo tutakachokutana nacho kinauliza serumu ifanye kazi tofauti.

Kipimo cha kwanza: ng'ombe mwenyewe

Mwaka uleule wa 1897, kule Kimberley, Wilhelm Kolle na George Turner walitengeneza njia ya kuchanja sotoka iliyotawala Afrika kwa miongo kadhaa. Ng'ombe alidungwa sindano mbili kwa wakati mmoja: damu yenye virusi hai vya sotoka upande mmoja, na serumu ya kinga upande wa pili. Virusi vinaufundisha mwili, serumu inazuia mwanafunzi asife darasani.

Hapo ndipo nguvu ya serumu inakuwa jambo la uhai na kifo. Serumu ikiwa dhaifu, virusi vinashinda na umemuua ng'ombe wa mtu kwa mkono wako. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, virusi vinazimwa kabla mwili haujajifunza. Ng'ombe anaonekana mzima, mwenye mali anashukuru, na baada ya wiki chache kingamwili za kuazimwa zinaisha. Sotoka ikija, anakufa kama ambaye hajawahi kuchanjwa. Kosa la kwanza linaonekana siku zilezile. Kosa la pili linajificha.

Basi ilibidi kila serumu ipimwe. Maabara ya Kabete, iliyoanzishwa 1910 karibu na Nairobi, ilitengeneza serumu ya sotoka kwa wingi. Ng'ombe waliokwisha kupona walidungwa tena damu yenye virusi ili kingamwili zipande, kisha wakakamuliwa damu. Upande wa Tanganyika kulikuwa na maabara ya Mpwapwa, iliyoanza enzi za Wajerumani. Kipimo kilifanyika hivi: chukua ng'ombe kadhaa wasio na kinga, wadunge wote damu yenye virusi, halafu kila mmoja mpe serumu kwa kipimo tofauti, kulingana na uzito wake. Subiri. Nani kafa, nani kaugua kidogo, nani hata homa hakupata? Kiasi kidogo kabisa kilichookoa ndicho kilichoonyesha nguvu ya serumu.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinajibu swali lenyewe hasa. Unataka kujua serumu inaokoa ng'ombe? Umeona kwa macho yako.

Ubaya wake ni mwingi. Ni ghali, kwa sababu kila jibu linagharimu mnyama. Ni wa polepole. Ng'ombe ni wachache, na kila mmoja ana mwili wake: wawili wenye uzito sawa wanaweza kuugua tofauti kabisa. Na kuna mtego mkubwa zaidi. Lazima ng'ombe wa majaribio awe hana kinga. Katika nchi ambako sotoka huzunguka kila mwaka, utajuaje? Ukimpima ng'ombe aliyewahi kuugua utotoni, atapona hata ukimdunga maji, nawe utaandika daftarini kwamba serumu yako ni bora sana. Yaani ili upime kinga ya serumu, ilibidi kwanza ujue kinga ya ng'ombe, na kipimo cha kukuambia hivyo hakikuwepo.

Kama hiyo haitoshi, damu iliyodungwa ingeweza kubeba vimelea vya magonjwa mengine, yakiwemo yale yanayoenezwa na kupe. Unamkinga ng'ombe na sotoka, unampa ugonjwa mwingine.

Kufunga lango

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipokokota ng'ombe huku na huko, sotoka ilishuka tena kuelekea kusini. Madaktari wa mifugo waliikabili kwa njia ya sindano mbili, wakijaribu kuwa na ukanda wa ng'ombe wenye kinga kati ya maziwa mawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikawa vilevile. Sotoka ilienea kusini mwa Tanganyika, na serikali za nchi za kusini, zilizokumbuka vizuri 1896, ziliingiwa na hofu na kushiriki katika kampeni. Kati ya 1938 na 1941 hivi, ng'ombe walichanjwa kwa wingi ili kuweka ukanda wa kinga kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Ufipa iko ndani ya ukanda huo. Sotoka haikuvuka.

Wakati huo silaha ilikuwa inabadilika. Huko India, J. T. Edwards alikuwa ameonyesha kwamba virusi vya sotoka vikipitishwa mbuzi hadi mbuzi mara nyingi, vinapoteza ukali kwa ng'ombe lakini bado vinafundisha mwili. Kabete nao wakatengeneza chanjo yao ya namna hiyo, ikajulikana kwa kifupi kama KAG. Ng'ombe wetu wa asili, zebu, waliivumilia vizuri. Kwa chanjo hii serumu haikuhitajika tena. Sindano ikawa moja.

Unaweza kudhani basi habari ya kupima serumu ikaishia hapo. La hasha. Zamani uliipima serumu kwa sababu ilikuwa dawa. Sasa unaipima kwa sababu ni ushahidi. Umechanja maelfu ya ng'ombe uwandani: chanjo imeshika kwa wangapi? Ilipata joto njiani ikafa? Kinga itadumu mwaka mmoja au kumi? Ukanda wa kinga wenye matundu si ukanda. Ila huwezi kumdunga sotoka kila ng'ombe wa Ufipa ili uone kama atakufa. Ilihitajika njia ya kumuuliza ng'ombe bila kumuumiza.

Kipimo cha pili: seli ndani ya chupa

Njia hiyo ilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walifaulu kukuza virusi vya sotoka ndani ya seli za figo za ndama, kwenye vioo vya maabara. Walichukua aina ya virusi iitwayo Kabete O, wakaipitisha kwenye seli hizo mara 90 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakawa na chanjo salama, nafuu, isiyoumiza hata ng'ombe wa kigeni. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999.

Chanjo ndiyo iliyopata sifa. Ila seli zilezile zilileta kitu kingine kisichosimuliwa sana, nacho ni kipimo cha kuzima virusi. Kinafanyika hivi.

Chukua serumu ya ng'ombe, izimue nusu kwa nusu: 1 kwa 2, kisha 1 kwa 4, 1 kwa 8, 1 kwa 16, 1 kwa 32, na kuendelea. Kila mzimuo uchanganye na kiasi kilekile cha virusi. Wape muda wakutane. Kisha mimina kwenye seli hai na usubiri, kwa kawaida wiki moja na zaidi. Virusi vilivyosalia vitaharibu seli. Chini ya darubini utaona zimevimba, zimeungana, zimetoboka. Virusi vikizimwa, seli zinabaki nzima.

Tuseme seli zote zimesalimika hadi mzimuo wa 1 kwa 16, kwa 1 kwa 32 nusu ya mirija imesalimika na nusu imeharibika, na kuanzia hapo zote zimekufa. Tunasema taita ya serumu ni 32. Serumu yenye taita 256 ingevumilia kuzimuliwa mara nane zaidi na bado ingefanya kazi ileile.

Kwa nini tunatafuta mahali ambapo nusu imesalimika, badala ya mahali ambapo wote wamesalimika? Kwa sababu mwishoni bahati ina sauti kubwa. Mrija mmoja ukikosea, mpaka wa "wote" unaruka, wakati mpaka wa "nusu" hautikisiki sana. Ndiyo sababu watafiti kama Kärber mwaka 1931, na Reed na Muench mwaka 1938, walitunga kanuni za kuupata mpaka wa nusu hata pale ambapo haukuangukia kwenye mzimuo wowote kamili.

Kwa kipimo hiki watafiti walijua mambo ambayo ng'ombe wa majaribio wasingeyasema kirahisi. Waliona kwamba ng'ombe aliyechanjwa hubaki na kingamwili kwa miaka mingi. Waliona pia kwamba ndama hupata kingamwili za mama yake kwenye maziwa ya mwanzo, dang'a, na kwamba kingamwili hizo kwa miezi kadhaa huzima chanjo yenyewe. Ukimchanja ndama mapema mno, umepoteza dozi. Huo ni ule mtego wa Kimberley umerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii aliyedunga serumu ni mama.

Lakini kipimo cha seli nacho kina kasoro zake. Kinahitaji seli hai, virusi hai, na watu wenye mikono mizuri. Serumu iliyooza njiani kutoka kijijini huua seli yenyewe, ukashindwa kusoma. Na kwa kuwa mizimuo inaruka mara mbili mbili, jibu nalo linaruka. Ukipima serumu ileile Jumatatu na Ijumaa, ukapata 32 kisha 64, hujakosea. Hiyo ndiyo tabia ya kipimo. Mtu akikuambia ng'ombe wa 64 ana kinga maradufu ya ng'ombe wa 32, mwambie apime tena kwanza.

Kipimo cha tatu: rangi kwenye vishimo

Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walichapisha njia mpya, na wakati uleule Waholanzi wawili walikuwa na yao inayofanana. Tunaiita elisa. Haina seli hai wala haihitaji virusi hai. Ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96, protini ya virusi iliyobandikwa chini ya kishimo, na kimeng'enya kinachobadili rangi.

Kwa sotoka, iliyotumika zaidi Afrika ni elisa ya ushindani, iliyotengenezwa na John Anderson na wenzake wa Pirbright, Uingereza, karibu na mwaka 1991. Fikiria viti kwenye daladala. Protini ya virusi ni viti. Unaingiza serumu ya ng'ombe, na pamoja nayo kingamwili ya maabara ambayo inajulikana kiti chake hasa na imeunganishwa na rangi. Kama ng'ombe ana kingamwili, zinakalia viti, ile ya maabara inakosa nafasi, rangi inafifia. Kama hana, ya maabara inakaa yote, rangi inakolea.

Hesabu yake si ngumu. Kishimo kisicho na serumu kikisoma 1.0, na chenye serumu kikisoma 0.3, rangi imezuiwa kwa asilimia 70. Kwa sotoka mpaka uliwekwa asilimia 50: kuanzia hapo, ng'ombe ana kingamwili.

Kwa saa chache unapima makumi ya ng'ombe kwa sahani moja. Wakati wa kampeni ya kutokomeza sotoka Afrika nzima, PARC, iliyoanza 1986, maabara za taifa za nchi nyingi zilipewa vifaa na mafunzo ya elisa, FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakisaidia wote wasome kwa rula moja. Ehrlich angefurahi.

Ila angalia elisa imeuliza nini. Haikuuliza kama ng'ombe ataokoka, wala kama virusi vimezimwa. Imeuliza: kuna mtu amekalia kiti hiki kimoja? Kingamwili inaweza kuzima virusi kwa kushika sehemu nyingine kabisa, na elisa isiione. Nayo asilimia 90 haimaanishi kinga kubwa kuliko asilimia 70, kwa sababu viti vikishajaa vimejaa.

Vipimo vinapogombana

Mwaka 1997 sotoka ilijitokeza tena kaskazini mwa Tanzania, baada ya kuonekana Kenya. Ilikuwa ya upole kwa ng'ombe, kiasi kwamba mfugaji angeweza asiitambue, huku ikiumiza nyati na wanyamapori wengine. Ng'ombe wakachanjwa haraka.

Tatizo likawa hili: kingamwili za chanjo na kingamwili za ugonjwa zinafanana. Hakuna kipimo kati ya vyote hivi kinachotofautisha. Ng'ombe mwenye kingamwili ni habari njema au mbaya? Ili nchi ithibitishe kwamba sotoka imeisha, ilibidi iache kuchanja, kisha ipime wanyama waliozaliwa baada ya hapo, na nyati ambao hawachanjwi. Kuacha kuchanja ni kulala mlango wazi. Unaifanya hiyo kwa kuamini vipimo vyako.

Sasa tupige hesabu. Tuseme eneo halina sotoka kabisa, na elisa yako hukosea kwa mnyama 1 tu katika kila 100 wasio na kingamwili. Ukipima wanyama 1,000, utapata 10 wanaoonekana wameambukizwa. Wote kumi ni uongo, lakini kwenye karatasi wanatisha. Ukiwapuuza, siku moja utampuuza wa kweli. Ukiamini, unarudisha chanjo nchi nzima na kuanza upya. Jibu lilikuwa kuvitumia vipimo kwa zamu: elisa kwanza kwa wengi, kisha kipimo cha kuzima virusi kwa wachache wenye mashaka, kisha watu kurudi kwenye kundi lenyewe kutazama midomo na macho ya wanyama.

Na bado havikukubaliana kila mara. Watafiti waliofuatilia nyati wa Kenya na mipaka ya Somalia, ambako aina ile ya upole ilijificha, waliona serumu ambazo kipimo kimoja kinasema ndiyo na kingine hapana. Si ajabu. Kiti ambacho elisa inakitazama hakifanani sawasawa kwa kila aina ya virusi. Nyati wa Hifadhi ya Meru, mwaka 2001, ndio wa mwisho duniani kukutwa na sotoka. Mwaka 2011 dunia ikatangaza rasmi kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui.

Na mshiko je?

Kuna maana ya nne ya nguvu. Kingamwili zinaweza kuwa nyingi lakini zinashika kilegevu, au chache zinazong'ang'ania kama kupe. Mwili ukikutana na adui mara ya kwanza, kingamwili za mwanzo zina mshiko hafifu. Kadiri wiki na miezi inavyopita, zile zinazoshika vizuri ndizo zinazochaguliwa na kuzidishwa.

Maabara hupima mshiko kwa elisa yenye nyongeza: baada ya kingamwili kushika, unaosha kishimo kwa urea, kemikali inayolegeza. Kama rangi ilikuwa 0.9 na baada ya urea imebaki 0.6, theluthi mbili zimeng'ang'ania. Kwa binadamu njia hii husaidia sana, kwa mfano kujua kama mama mjamzito aliambukizwa rubela majuzi au miaka iliyopita. Idadi ya kingamwili pekee isingesema.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "serumu ipi ina nguvu?", na wewe muulize: nguvu ya kufanya nini? Kuokoa mnyama, kuzima virusi, kukalia kiti, au kung'ang'ania? Serumu A inaweza kuishinda B kwenye kipimo kimoja na kushindwa kwenye kingine, na vipimo vyote viwili viko sahihi.

Barabara ileile

Haya si mambo ya makumbusho. Mwaka 2008 Tanzania ilithibitisha kuwepo kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu wa sotoka ya ng'ombe, kule Ngorongoro. Mwaka 2010 FAO ilionya kwamba ugonjwa ukishuka kutoka Tanzania, mamilioni ya mbuzi na kondoo wa nchi za kusini wamo hatarini. Ukisoma onyo hilo na ramani mkononi, kidole chako kinatua palepale, kati ya maziwa mawili.

Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu pia, ifikapo 2030. Vifaa ni vilevile: chanjo hai, elisa ya ushindani, kipimo cha kuzima virusi. Matatizo nayo ni yaleyale: chanjo na ugonjwa huacha alama moja, na serumu husafiri mbali kabla ya kufika maabara. Tena mbuzi huuzwa, huliwa na kuzaa haraka kuliko ng'ombe. Kundi ulilolichanja mwaka jana, mwaka huu nusu yake ni wageni.

Kwa familia ya Ufipa mbuzi ni ada ya shule ya Januari na dawa ya mtoto usiku. Siku mtaalamu wa mifugo atakapofika kijijini akachukua damu, ile chupa ndogo itapita njia ndefu hadi kwenye kishimo cha plastiki, na mahali fulani mtu ataandika "ana kinga" au "hana". Uamuzi wa kuchanja, kufunga mnada au kuacha wazi utatoka kwenye neno hilo. Anayeliandika inampasa ajue kipimo chake kiliuliza nini, na aseme hivyo kwenye ripoti, ili anayefunga au kuacha wazi mnada huko Sumbawanga asije akalisoma kwa maana ambayo kipimo hakikuisema.